Barua ya Wazi kwa Wenye Kalamu ya Spock: Msimtibu Ukimya Wake

Mombasa

Kwa waandishi, waongozaji na watayarishaji wa hadithi za Star Trek, tamthilia na filamu za Kimarekani za safari za angani.

Waheshimiwa,

KUH: MAPENZI YA SPOCK

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu kulalamika pembeni hakujafaa kitu. Sisi tunaomfuata Spock, yule ofisa wa chombo cha angani aliye nusu binadamu na nusu Mvulkani, yaani wa sayari ambayo watu wake hulelewa kuzuia hisia, tumelisema jambo hili barazani, sebuleni, na kwenye simu usiku wa manane baada ya sehemu mpya kutoka, na kila msimu unapoanza tunakuta limezidi. Sina uadui nanyi. Kazi yenu naipenda, na kwa kuwa naipenda siwezi kuendelea kunung'unika peke yangu.

Huenda mkajiuliza mtu wa Mombasa anaingiaje humu. Anaingia kwa mlango wa Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho. Jina lake limefinyangwa kutokana na neno letu, uhuru. Tarehe 8 Septemba 1966, Wamarekani walipoonyeshwa sehemu ya kwanza, kiumbe aliyejigeuza mwanamume alimsimamisha Uhura kwenye ujia wa chombo akamsemesha Kiswahili. Mwaka 2009, katika filamu, tukasikia kwamba jina lake la kwanza ni Nyota, na anayelitamka ni Spock. Kirk, nahodha wa chombo, aliyehangaika kulijua jina hilo karibu filamu nzima, anamuuliza pale pale: kumbe anaitwa Nyota? Spock anajibu kwamba hana la kusema juu ya jambo hilo. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Na Uhura mliye naye leo mmemfanya binti wa Kenya anayejua lugha 37. Kwa hiyo niruhusuni niseme kama mtu wa nyumbani.

Ninachoshikilia ni hiki: Spock anapenda, na amependa tangu siku ya kwanza. Hahitaji kupewa mpenzi mpya kila mara ili tuamini. Malalamiko yangu ni haya.

1. Wapenzi watatu ndani ya misimu mitatu

Mlipoanza Strange New Worlds mwaka 2022, Spock alikuwa na T'Pring, mchumba wake wa Kivulkani. Hilo sikulipinga, kwa sababu T'Pring tunamjua tangu 1967 na uchumba wao ulikuwa deni la zamani. Msimu wa pili, 2023, mkamleta kwa muuguzi Christine Chapel, wakapendana, wakaachana. Msimu wa tatu, 2025, Chapel akarudi na mwanamume mwingine, na kabla kidonda hakijakauka Spock akawa anafundishwa dansi na La'an, mkuu wa usalama wa chombo, na dansi ikazaa busu. Wale waigizaji hawana kosa. Ethan Peck, anayemwigiza Spock wenu, anaweza kusema kwa unyusi mmoja mambo ambayo wengine wangeyamaliza kwa ukurasa mzima. Kosa ni la hesabu. Mtu aliyelelewa kuuzuia moyo wake tangu utotoni hawezi kuufungua na kuufunga kama duka. Akifanya hivyo mara tatu kwa miaka michache, anakuwa kijana yeyote wa hadithi yoyote ya mapenzi, tofauti ni masikio tu.

2. Mmeugeuza ukimya kuwa ugonjwa

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nivumilieni nikilikalia.

Rudini kwenye ile sehemu ya tarehe 29 Septemba 1966. Chombo kimeingiwa na ugonjwa unaowavua watu haya. Kila aliyeugua anatoa nje alichokificha. Chapel, ambaye ameshaambukizwa, anaushika mkono wa Spock na kumwambia kwamba anampenda, anampenda mtu aliyemo ndani yake na Mvulkani aliyemo ndani yake. Spock anamwambia samahani. Anarudia tena, samahani. Kisha anatoka, anapita ujiani akiwa kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni, anaingia katika chumba cha mikutano kisicho na mtu. Mlango unajifunga nyuma yake. Hapo ndipo analia. Anajaribu kujizuia kwa kuhesabu: mbili, nne, sita, sita mara sita. Hesabu zinamponyoka. Na Kirk anapomkuta, Spock hasemi neno juu ya Chapel. Anasema juu ya mama yake, mwanamke wa Dunia aliyeishi katika sayari ambako kuonyesha mapenzi ni utovu wa adabu, na kwamba hakuwahi kuweza kumwambia kuwa anampenda.

Leonard Nimoy mwenyewe, aliyemwigiza Spock wa kwanza, alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeomba tukio lile lifanyike faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Aliyajua ya mtu wake. Mtu wa namna ile halii mbele ya hadhara. Kinachotupasua kifua pale ni juhudi ya kuyazuia machozi, kuliko machozi yenyewe.

Sasa linganisheni na mlivyofanya 2023. Mlimwondolea Spock nusu yake ya Kivulkani, akabaki binadamu mtupu, anacheka, anakula kwa pupa, anashindwa kujizuia. Nakiri mlikuwa na jambo zuri sana humo ndani: karamu ya wakwe, Spock akilazimika kumimina chai kutoka birika linalounguza mikono bila kuonyesha maumivu, na mama yake Amanda pembeni akijua kila kinachoendelea. Nililipenda tukio hilo. Lakini hadithi ilipokwisha, somo lilikuwa limeegemea upande mmoja: alipoonja ubinadamu ndipo alipojua kupenda, na zawadi yake ikawa busu la Chapel. Kwamba ule Uvulkani ni ganda, na mapenzi ni kiini kilichofungiwa ndani kikingoja mtu wa kulivunja.

Marehemu baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini. Maisha yake yote sikumsikia akimwambia mama yangu kwamba anampenda. Alikuwa akipata ziada ya kazi, anapita mjini kununua leso. Alikuwa mchaguzi, wenye maduka walimjua kwa sababu alisoma jina la kila leso kabla ya kuuliza bei. Akifika nyumbani anaiweka kitandani upande wa mama, imekunjwa, jina likiwa juu, kisha anatoka kwenda msikitini kabla mama hajaiona. Mama akiingia chumbani tulikuwa tunamsikia akisoma kwa sauti ya chini, halafu kimya, halafu anacheka peke yake. Majina ya leso zile sitayaandika hapa. Yalikuwa yao wawili. Baba akirudi, mama amejifunga leso mpya na chai iko mezani, na hakuna anayelitaja jambo hilo.

Angetokea mtu kumwambia baba kwamba hajui kupenda mpaka ajifunze kusema, angemvunjia heshima yeye na mama pia. Nikiwa mtoto mbele ya televisheni, katika kanda za kukodisha zilizochakaa hadi picha zinaruka, nilimwona Spock nikasema: huyu namjua. Nimeshaishi naye nyumba moja.

Haya ya kupenda bila kutamka yamo kila mahali katika kazi mliyorithi. Novemba 1967, wazazi wa Spock, Sarek na Amanda, wanapanda chombo kwa mara ya kwanza, na mapenzi yao yote yanaonyeshwa kwa vidole viwili vinavyogusana. Katika filamu ya 1979, Spock akiwa amelala hospitali ya chombo, anaushika mkono wa Kirk na kusema kwamba hisia hii rahisi haifikiwi na ile mashine kubwa yenye elimu yote. Mwaka 1982 anakufa huku kiganja chake kikiwa kwenye kioo, na cha rafiki yake upande wa pili. Hakuna busu hata moja katika hayo matatu. Nani aliyewahi kutoka pale akasema mtu huyu hajui kupenda?

3. Mmeingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa

Hadithi yenu inatangulia ile ya 1966 kwa miaka michache tu. Mwisho tunaujua. Chapel wa 1966 anampenda Spock kwa mbali, anamletea supu ya plomeek, na Spock, katika wazimu wa damu yake, anairusha bakuli ukutani. Uzito wote wa tukio lile ni kwamba baina yao hapakuwahi kuwa na kitu. Mlipoweka kitu, mlijipa kazi ya kukieleza.

Nitasema haki: kazi hiyo ingeweza kuzaa matunda. Nikilitazama lile "samahani" la 1966 nikijua kwamba walishawahi kuwa pamoja, linakuwa zito zaidi, kwa sababu anayesema samahani anajua anachokikataa. Nilikuwa tayari kuwapokea kwa hilo. Lakini lilihitaji Spock aumie kwa Chapel muda mrefu, mpaka ajifunge tena, na tuone kwa macho yetu jinsi mlango ule ulivyofungwa. Mlipomtia mikononi mwa La'an upesi namna ile, mkaupoteza uzito huo ambao ninyi wenyewe mlikuwa mmeutengeneza.

4. Wanawake wanaogeuzwa dawa

T'Pring, Chapel, La'an: kila mmoja wao ana hadithi yake inayotosha. Chapel ni mtafiti anayetafuta nafasi yake ya kisayansi. La'an amebeba jina la ukoo linalomtisha na utoto wa mateso. Wakifika kwa Spock, kila mmoja anapewa kazi ya kumfundisha kuhisi. Na hili lilimkuta Uhura vilevile. Katika filamu ya 2013, yeye na Spock wanagombana kama wachumba wakiwa safarini kwenye kazi ya hatari, Kirk akiwasikiliza. Mwanamke mwenye jina letu, bingwa wa lugha, ambaye dakika chache baadaye anasimama peke yake mbele ya Waklingoni kusema nao kwa Kiklingoni, kwanza anaonyeshwa akilalamika kwamba mwanamume wake hajali. Nilifurahi kuwaona pamoja mwaka 2009, sitakana. Ile mara ya pili sikufurahi.

Hata hivyo filamu ya 2016 ilinirudishia kitu. Wameachana. Uhura anataka kumrudishia Spock mkufu aliompa, kwa kuwa ulikuwa wa mama yake, ambaye katika filamu hizo amekufa. Spock anakataa: si desturi ya Wavulkani kupokea tena kilichokwisha kutolewa zawadi. Nilipolisikia hilo niliinuka kitini. Sentensi moja, ya adabu, na ndani yake mna kila kitu. Mkitaka mapenzi ya Spock, hayo ndiyo.

Najua mtakachojibu, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema Spock ni nusu binadamu, na nusu hiyo ina haki ya kupenda. Inayo. Lakini hiyo nusu ya pili ni ya nani? Tangu mwanzo ninyi mnaandika kana kwamba moja ya hizo mbili ndiyo yeye wa kweli na nyingine amevalishwa. Watu waliozaliwa baina ya koo mbili, na huku pwani tuko wengi, tunajua kwamba mtu hakai akingoja upande mmoja ushinde.

Mtasema hata zamani alipewa wapenzi. Kweli. Machi 1967 alimpenda Leila Kalomi, akaning'inia mtini akicheka. Ilikuwa ni mbegu za mmea zilizomlevya, na zilipomtoka alisema kwa sauti tulivu kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na furaha. Machi 1969 alimpenda Zarabeth katika enzi iliyopita miaka 5,000 nyuma, na aliporudi akamwambia daktari wa chombo, McCoy, kwamba ndiyo, lilitokea, lakini ni miaka 5,000 iliyopita, na mwanamke yule sasa amekufa na kuzikwa zamani. Tazameni gharama yake. Kila mara mlango ulifunguliwa kwa nguvu ya nje, na kila mara aliulipia. Wale waandishi walikuwa wabahili wa mapenzi yake kwa sababu walijua thamani yake.

Mtasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Methali ni yetu, na ni ya kweli. Lakini kumwona mtu mzima akizuia kikohozi mbele ya wageni, uso ukimwiva na mishipa ya shingo ikisimama, ni jambo moja. Kumwona akikohoa tu ni jambo lingine. La kwanza lina hadithi.

Kuna jibu moja ambalo nalipa heshima, na limeninyima usingizi. Mtasema ukimya wa wanaume umewaumiza watu wengi: watoto ambao hawakukumbatiwa, wake waliozeeka bila neno jema, wavulana wanaoambiwa mwanamume halii. Mtasema kumfundisha Spock kusema ni kuwafundisha wao. Sibishi kwamba madhara hayo yapo. Nimeyaona kwenye nyumba za jirani. Lakini mwanamume asiyejali na mwanamume asiyetamka si mtu mmoja, na mtoto anayekaa naye anaijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma. Spock hajawahi kuwa yule wa kwanza. Na hadithi zinazowasukuma wanaume waseme ziko tele. Hadithi inayompa heshima mtu ambaye hasemi na bado anapenda ni adimu, na ninyi mnayo mkononi.

Tena wako watu, wanaume kwa wanawake, ambao hawatamani mapenzi ya kitandani wala ya uchumba hata kidogo, na kila siku ndugu na majirani wanawauliza lini, lini, lini. Kila hadithi wanayoifungua inawaambia kwamba watakamilika wakimpata mtu. Wengi wao walimkuta Spock wakapumua. Mnapomwoza kila msimu, mnawafungia na dirisha hilo.

Ninachoomba, kwa heshima:

Mmeshatangaza kwamba hadithi yenu itafungwa na msimu wa tano. Katika muda uliobaki, msimpe Spock mpenzi mwingine. Huyo aliye naye sasa, kama lazima waachane, waachane kwa gharama, na tuione gharama hiyo ikikaa mwilini mwake hadi mwisho. Chapel mpeni kazi yake ya sayansi ikamilike bila Spock kuwa kipimo chake. Amanda mrudisheni, hata kwa tukio moja, kwa sababu yule mama ndiye mapenzi makubwa ya Spock, aliyoyataja mwenyewe kwa machozi, na bado hamjatuonyesha ni lini alishindwa kumwambia.

Kisha nina ombi dogo. Tarehe 15 Septemba 1966, katika chumba cha mapumziko cha chombo chao, Enterprise, Spock alikuwa amekaa akipiga kinubi chake cha Kivulkani. Uhura akaanza kuimba kwa muziki ule, akimtania Spock mbele ya wenzake wote. Spock hakuacha kupiga. Pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo, ikarudi. Hakuna aliyemuuliza maana yake, wala hakueleza. Tuonyesheni siku ya kwanza Nyota alipoimba na Spock akapiga.

Wenu kwa heshima,

Mtazamaji wenu wa tangu utotoni,
Mombasa